Kupeleka Habari Si Kufikisha

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliokutana Tassia Jumapili alasiri. Tunayachapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu, wasiweze kuhudhuria.)



Tumeombwa leo tuseme machache juu ya vyombo vya kupashana habari kazini. Labda wengine watauliza: Jambo hili lina shida gani, na hali kila mtu hapa ana simu mfukoni? Shida ni mshahara, shida ni kodi ya nyumba, shida ni nauli ya kutoka steji ya Tassia hadi Industrial Area. Ni kweli. Lakini siku hizi njia ya kupata zamu, na njia ya kuipoteza, zote zapita ndani ya simu ile ile. Aliyeishika njia ya habari ameishika na kazi yenyewe. Kwa hiyo jambo hili si la mabingwa wa kompyuta peke yao. Ni jambo la mshahara, nalo latuhusu sisi.

Tutasema kwanza jinsi watu wanavyoelewana kazini. Kisha tutatazama jinsi chombo kinavyoweza kuwasaidia au kuwatenganisha. Halafu tutaeleza waliyoyafanya wafanya kazi wa nchi nyingine, na mwisho tutasema yatupasayo sisi wa hapa.

WATU HUELEWANAJE KAZINI

Tuanze na mambo tunayoyaona kila siku. Makanga akigonga bodi ya matatu mara moja, dereva husimama. Akigonga mara mbili, gari huondoka. Hapana maneno mengi. Ishara ile yafanya kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza, wote wawili waliijua maana yake kabla ya safari. Ya pili, makanga hupata jibu pale pale: gari likisimama, ajua kwamba amesikiwa.

Nendeni kwenye mjengo wowote katika mtaa huu wa maghorofa. Saidia fundi aliye chini hufunga ndoo ya zege kwenye kamba, kisha hupiga kelele, "Vuta!" Aliye juu huitika kwanza, ndipo avute. Asipoitika, ndoo haiondoki, maana kuna watu chini yake. Hapa ndipo lilipo fundisho la kwanza: kupeleka habari si kufikisha habari. Habari imefika pale mwenzako alipoitika, ukajua kwamba amekuelewa.

Fundisho la pili ni kuonana. Mama anayeshona nguo kiwandani, huku macho yake yako kwenye cherehani, huona pia rundo lililo mbele ya jirani yake. Rundo likikua, ajua kwamba mashine ya mwenzake ina ubovu au mwenzake amechoka. Hapunguzi mwendo kwa amri ya mtu. Hupunguza kwa sababu ameona. Mwaka 1992 wachunguzi wawili wa Kiingereza, Christian Heath na Paul Luff, waliandika habari za chumba cha kuongozea treni za chini ya ardhi mjini London, katika njia iitwayo Bakerloo. Waliona kwamba wafanya kazi wa mle huongea kwa namna ambayo mwenzao aliye kando atasikia, ingawa hawamwambii yeye. Na yule aliye kando, akiendelea na kazi yake, hutega sikio. Treni ikichelewa, hujipanga mapema bila kungoja kuambiwa. Kazi ile haikuandikwa katika kitabu chochote cha amri, lakini bila hiyo treni zingevurugika.

Fundisho la tatu ni wakati. Kuna habari zitakazo watu wote wawe pamoja saa moja, kama mkutano huu. Kuna nyingine zaweza kungoja, kama tangazo la ubaoni au gazeti letu hili linalomsubiri ndugu wa zamu ya usiku. Mkutano humfaa mwenye swali, na ubao humfaa mwenye zamu. Mtu akitaka jambo la kujadiliana aliweke ubaoni, au jambo la kungoja alipigie simu saa sita za usiku, ameharibu yote mawili.

WALIOTUTANGULIA MOMBASA

Msidhani mambo haya yalianza na simu. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, watu wapatao 15,000: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani. Mgomo ulidumu siku 12. Watu wale walikuwa wa makabila mengi na kazi mbali mbali, wala hawakuwa na chombo chochote cha kupeleka habari upesi. Walikuwa na uwanja. Wakauita Kiwanja cha Maskini, wakawa wakikusanyika hapo. Mtu hakuhitaji kuuliza kama mgomo ungali imara, maana aliwaona wenzake kwa macho. Uvumi ukitokea, ulijibiwa hadharani, na kila mtu akasikia jibu lile lile. Kuitikiana kulikuwapo, na kuonana kulikuwapo.

Lakini mambo ya Mombasa yana fundisho jingine pia, tena lina uchungu. Kutokana na mgomo ule kilisimama chama kilichoitwa African Workers' Federation, na kiongozi wake mkubwa alikuwa Chege Kibachia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilimkamata ikamhamishia Baringo, na chama kikadhoofika. Twajifunza kwamba habari zote zikipitia kwa mtu mmoja au wachache, adui ana kazi ndogo tu ya kufanya. Yafaa njia ziwe nyingi, na wanaojua wawe wengi.

CHOMBO HUSAIDIA, AU HUTENGANISHA

Sasa tuje kwenye simu. Sisi Wakenya tuna mfano mzuri mikononi mwetu, nao ni M-Pesa. Wengi hudhani kwamba iliundwa tangu mwanzo ili mtu wa mjini ampelekee mama yake fedha kijijini. Sivyo. Ilipojaribiwa mwaka 2005, Nairobi na Thika, nia ilikuwa kuwawezesha watu waliokopa fedha kwa kampuni ya Faulu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu walipokipata chombo, wakakitumia watakavyo wao. Mmoja alimlipia mwenzake. Mwingine aliweka fedha ndani ya simu kabla ya safari ili asiibiwe njiani. Wengine walipelekeana tu. Waundaji walikuwa na akili ya kutazama, wakaona kwamba haja ya watu siyo ile waliyoiandika ofisini. Ilipofunguliwa kwa wananchi wote mwezi wa Machi 2007, shughuli yake kubwa ilikuwa kupeleka fedha nyumbani. Na angalieni: hata leo mtu akipeleka fedha, ujumbe humrudia yeye mwenyewe kumwambia kwamba zimeingia, kwa jina la aliyezipokea. Kumeitikwa. Ni ile "Vuta!" ya mjengo.

Huu ni mfano wa chombo kilichokubali kusahihishwa na watumiaji. Sasa tazameni mfano wa pili.

Kuna kiwanda kimoja, hatutakitaja jina, ambako zamani vibarua walisimama langoni alfajiri ili wahesabiwe. Desturi ile ilikuwa na mateso yake, nasi hatuisifu. Mtu aliamka saa kumi za usiku, akatembea kwa miguu, akarudi bila kazi. Lakini watu walionana. Ikitangazwa kwamba leo wanatakiwa 20, wote walisikia. Mtu akipenyezwa kwa hongo, wote waliona, wakanung'unika pamoja.

Sasa lango limehamia ndani ya simu. Pana grupu ya WhatsApp, na ndani yake ni msimamizi peke yake awezaye kuandika. Usiku, saa nne au saa tano, huandika: watakaoitika kwanza ndio watakaoingia kesho. Kuitika ni kwa namba yake mwenyewe, kwa faragha. Mwenye bando aitika. Mama aliyelala na mtoto mgonjwa haitiki. Mwenye kabambe hata katika grupu hayumo. Asubuhi majina 20 yametoka, wala hapana mtu ajuaye nani aliitika wa kwanza, nani wa mwisho, na nani hakuitika kabisa lakini jina lake limo.

Ndugu, msidanganyike kwamba huu ni upungufu wa simu. Simu ile ile ingeweza kupangwa vingine. Lakini aliyeipanga alijiuliza swali moja tu: nitawapataje watu upesi? Hakuuliza wao wataonanaje. Matokeo yake, msimamizi atuona sote, na sisi hatuonani. Kila mmoja amelala chumbani mwake hapa Tassia, Pipeline au Kware, akishindana gizani na jirani yake wa mlango wa pili bila kujua.

Tena lipo jambo la mzigo na faida. Wataalamu waliochunguza vyombo vya kushirikiana vilivyoshindwa maofisini huko Marekani waliona tangu miaka ya 1980 kwamba vingi vilikufa kwa sababu moja: waliofanyishwa kazi ya kukilisha chombo habari hawakuwa wale waliopata faida. Karani alijaza, mkubwa akafurahi, karani akachoka, akaacha kujaza. Basi kila tukiletewa chombo kipya tuulize maswali haya mawili: Nani atakibeba? Nani atakula matunda yake? Katika kiwanda tulichokisema, bando ni la kibarua, usingizi ni wa kibarua, moto wa simu ni wa kibarua. Faida ni ya nani?

WALIYOYAFANYA WENGINE

Yawezekana mtu akasema: Sisi ni wafanya kazi, kompyuta zina wenyewe, tutamwambia nini aliyesomea? Tumjibu kwa mfano wa Norwei.

Miaka ya mwanzo ya 1970 kompyuta zilipokuwa zikiingia viwandani, chama cha wafanya kazi wa chuma na mitambo cha nchi hiyo kilishirikiana na bingwa mmoja wa kompyuta, Kristen Nygaard. Huyu hakuwa mtu mdogo katika elimu hiyo. Yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl ndio walioitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Simula, ambayo lugha nyingi za baadaye zimerithi kwake. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mabingwa wataandika taarifa, na chama kitaisoma. Wakaona haifai, maana taarifa hukaa kabatini. Wakageuza: matawi ya chama yakajifunza yenyewe, yakachunguza viwanda vyao yenyewe, yakatoa madai yao wenyewe. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanya kazi na shirikisho la waajiri yalifikia mapatano ya nchi nzima juu ya kompyuta kazini. Wafanya kazi wakapata haki ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa kabla mashine haijaletwa, na haki ya kuchagua mjumbe wao maalum wa kuyaangalia mambo hayo.

Kisha, kati ya mwaka 1981 na 1985, chama cha wafanya kazi wa uchapaji wa nchi za kaskazini kilishirikiana na wachunguzi wa Uswidi na Denmaki, miongoni mwao Pelle Ehn, katika mpango ulioitwa UTOPIA. Wachapaji waliogopa kwamba kompyuta zitawafukuza kazini, au zitaugeuza ufundi wao kuwa kazi ya kubonyeza tu. Wakakataa kungoja. Walikusanya mbao, karatasi na maboksi matupu, wakajenga ofisi nzima ya uchapaji ya kuigiza. Boksi hili ni mashine ya kuchapa, kipande hiki cha karatasi ni kioo cha kompyuta. Mchapaji mzee aliketi mbele ya boksi akafanya kazi kama kweli, na alipokwama alisema: Hapa sioni ukurasa wote, hapa mwenzangu hawezi kuniona. Wakabadilisha boksi. Kulibadilisha boksi hakuhitaji fedha wala shahada ya chuo kikuu, na mwenye ufundi wake aliweza kusema na bingwa wa kompyuta kama mtu na mwenzake.

Tuseme ukweli wote: mashine iliyotokana na mpango ule haikuenea sana sokoni. Tena vyama vile vilikuwa na nguvu nyingi katika nchi zao kuliko tulizo nazo sisi. Lakini njia yao imefundishwa vyuoni sehemu nyingi za dunia: kwamba mwenye kazi akae mezani tangu boksi la kwanza, asiitwe siku ya kukata utepe.

SISI TUFANYE NINI

Kwanza, tuweke jambo hili katika mapatano na waajiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa haki kazini, na chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kuelezwa habari zake zatumiwa vipi, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa na uongo. Basi madai yetu ni haya:

1. Chombo chochote cha kugawa zamu, kuhesabu saa au kupeleka amri kisianze kabla chama hakijaelezwa kwa lugha inayoeleweka.

2. Wajumbe wa wafanya kazi wawepo wakati wa kukijaribu, na maneno yao yaandikwe.

3. Orodha ya zamu ionekane na wote: aliyeingia, anayefuata, na kwa nini. Itolewe mapema, mchana, ibandikwe na langoni pia.

4. Mwenye kabambe apate habari sawa na mwenye simu kubwa. Umaskini wa simu usiwe sababu ya kukosa kazi.

5. Ziwekwe saa za usiku ambazo mtu hatakiwi kuitika, na asiadhibiwe kwa kunyamaza.

6. Kama simu ni chombo cha kazi, gharama yake iwe ya mwajiri, kama vile nyundo na aproni.

Pili, tujitengenezee mfano wetu. Tusingoje mwajiri alete chombo ndipo tulalamike. Katika mkutano ujao twaomba kila tawi dogo lije na vipande vya boksi. Kipande kimoja kitakuwa mtu mmoja. Tutaigawa zamu ya siku tatu kwa vipande hivyo, kwa taratibu mbali mbali: ya kuitika kwanza, ya kupokezana, ya wenye watoto kupewa mchana. Tuone kila utaratibu unamwacha nani nje. Tukishakubaliana, tutakwenda kwa mwajiri na jambo lililojaribiwa. Tukiwa na kijana wetu ajuaye kuandika programu, tutampa yeye boksi lililokubaliwa, asije yeye akatupa boksi lake.

Tatu, tutengeneze nyumba yetu wenyewe. Hapa Tassia hatuna haja ya kukumbushwa tarehe 6 Desemba 2019, siku ghorofa la kupanga lilipoporomoka na watu wakafa. Katika msiba wa namna ile swali la kwanza ni moja: nani alikuwamo, nani hakuwamo? Maghorofa yetu yana vyumba vingi, na mara nyingi jirani hajui jina la jirani. Twapendekeza kila jengo lenye wanachama liwe na wajumbe wawili, siyo mmoja, kwa sababu ile ile tuliyojifunza Mombasa. Wajumbe wawe na orodha ya karatasi, maana moto wa simu huisha na umeme hukatika. Habari ya chama ikitoka, mjumbe aipeleke, apokee jibu la kila mlango, kisha amjulishe katibu: mlango huu umeitika, mlango huu bado. Mpaka milango yote imeitika, tusiseme kwamba tumetangaza. Na orodha hiyo ikae kwa wajumbe tu. Majina ya watu si bidhaa, wala wenye nyumba wasipewe.

Ndugu zetu, mwajiri ana haki ya kutaka kazi yake iende. Sisi nasi tuna haki ya kuonana tunapoifanya. Chombo kimoja chaweza kutosheleza haki zote mbili, kama wote wawili waliketi kukitengeneza. Kisipotosheleza, tusilaumu mashine. Tuulize nani aliketi na nani aliachwa nje.

Karatasi ya kuandikisha wajumbe wa majengo iko mezani kwa katibu. Waliokuwa zamu wataletewa mlangoni. Wenye maswali wasimame sasa waulize, maana mkutano ndio mahali pa swali.

Umoja ni nguvu.